Mama aliye kwenye jalada la riwaya ya Mary Coin ni nani?

Kama bando ni dogo na picha hazifunguki kwenye simu yako, tukuelezee kwanza inavyoonekana. Ni picha isiyo na rangi. Mama amekaa, vidole vya mkono wake wa kulia vimegusa shavu karibu na mdomo, paji la uso limejaa mikunjo, na macho yanatazama mbali, si kwenye kamera. Watoto wawili wamemwegemea mabegani, mmoja kila upande, nyuso wamezificha, tunaona visogo tu. Mapajani amelala mtoto mchanga.

Picha hiyo ndiyo iliyo kwenye jalada la riwaya ya Mary Coin, ya mwandishi Mmarekani Marisa Silver, iliyotoka mwaka 2013. Mary Coin ni jina la kubuni. Ndani ya riwaya ni mama kibarua wa mashambani aliyepigwa picha ikawa maarufu, na mpiga picha naye amepewa jina la kubuni, Vera Dare. Lakini mama wa kwenye jalada aliishi kweli. Aliitwa Florence Owens Thompson, na kwa zaidi ya miaka 40 dunia ilimtazama usoni bila kujua jina lake.

Turudi Machi 1936, jimbo la California, Marekani. Uchumi ulikuwa umeanguka tangu mwaka 1929 na mamilioni hawakuwa na kazi. Familia nyingi ziliishi kwa kuhamahama, zikifuata mavuno: leo pamba, mwezi ujao matunda, baadaye mbogamboga. Karibu na mji mdogo wa Nipomo maelfu ya vibarua walikuwa wamekuja kuchuma njegere. Mvua na baridi kali vikaharibu zao lote. Hakuna mavuno, hakuna ujira. Mkulima yeyote anayetusoma anajua hali hiyo bila kuelezwa zaidi.

Siku hiyo alipita mpiga picha, Dorothea Lange. Alikuwa ameajiriwa na idara ya serikali iliyoshughulikia wakulima waliofukarika, na kazi yake ilikuwa kupiga picha za hali yao ili wananchi na wabunge waone fedha za misaada zinahitajika kwa nini. Alikuwa amemaliza karibu mwezi mzima barabarani na alikuwa akirudi nyumbani. Akaona kibao cha kambi ya wachuma njegere, akapitiliza. Baada ya kilomita kama 30 moyo ukamkataa, akageuza gari.

Alipofika alimkuta Florence chini ya turubai na watoto. Akapiga picha chache, kila mara akisogea karibu zaidi, na ile ya mwisho ndiyo tunayoijua. Kwa maelezo ya Lange mwenyewe, hakukaa zaidi ya dakika kumi. Hakuuliza jina. Alichoandika ni kwamba mama huyo ana miaka 32 na watoto saba. Baadaye alisimulia kwamba familia ilikuwa inakula mboga zilizoganda kwa baridi shambani na ndege waliouawa na watoto, na kwamba walikuwa wametoka kuuza matairi ya gari ili wapate chakula.

Familia ilikanusha habari ya matairi. Kwa maelezo yao hawakuwa wakazi wa kambi ile kabisa. Gari liliwaharibikia njiani, mwenzi wake Florence na vijana wa kiume wakaenda mjini kutafuta matengenezo, yeye akabaki na wadogo kusubiri. Matairi yangeuzwaje, na gari ndilo walilolitegemea kuondoka? Sisi tunadhani Lange alichanganya maelezo ya familia mbili. Alikuwa amekutana na wengi mwezi ule, na ndiyo hasara ya kutoandika majina.

Yapo mengine ambayo picha haikusema. Wengi walidhani huyu ni mama wa kizungu aliyekimbia ukame na vumbi la majimbo ya kati. Kumbe Florence alikuwa mzaliwa wa kabila la Cherokee, mmoja wa watu wa asili wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1903 katika eneo ambalo sasa ni Oklahoma. California alifika miaka ya 1920, kabla ya vumbi lile. Mume wake wa kwanza alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1931, akamwachia watoto watano na mimba ya sita.

Lange aliwapelekea picha wahariri wa gazeti moja la San Francisco. Zilipochapishwa, serikali ilipeleka kambini chakula kinachofika tani tisa. Kwa hiyo picha ilisaidia watu wenye njaa, hilo tusimnyime Lange. Ila chakula kilipofika, Florence na wanawe walikuwa wameshatengeneza gari na kwenda zao kutafuta kazi kwingine.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo watu wengi huuliza: picha ya mtu huwekwaje kwenye jalada la kitabu, na nani analipwa?

Kwa kawaida hakimiliki ya picha ni ya aliyeipiga au aliyemwajiri. Anayetaka kuitumia kitabuni humlipa huyo. Aliyepigwa picha si mwenye mali. Picha ya Lange ina jambo moja la ziada: aliipiga akiwa mtumishi wa serikali kuu ya Marekani, na kwa sheria ya nchi hiyo kazi za aina hiyo ni mali ya umma. Imehifadhiwa Maktaba ya Bunge mjini Washington, na mtu yeyote anaweza kuichukua na kuichapisha bila kulipa. Ndiyo maana imeenea kwenye majarida, mabango na majalada ya vitabu. Mwaka 1998 iliwekwa kwenye stempu. Mwaka huohuo nakala moja ya karatasi iliuzwa mnadani kwa dola 244,500. Lange hakuwa akilipwa kila picha inapotumika, ila ilimpa jina kubwa. Florence haikumpa hata hilo jina.

Hapa Afrika Mashariki sheria za karibuni zinamtazama pia aliye ndani ya picha. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mwaka 2023 shule moja nchini Kenya ilitozwa zaidi ya shilingi milioni nne kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kwa hiyo mgeni akija kijijini na kamera, una haki kumuuliza picha inakwenda wapi, na kukataa.

Florence hakuwa na mlango huo. Mwaka 1978, akiwa mtu mzima wa miaka 75, ndipo mwandishi wa gazeti la mji wa Modesto alipomfikia na jina lake likajulikana. Alisema wazi kwamba anatamani asingepigwa picha ile, kwamba hakupata hata senti, na kwamba aliahidiwa isingeuzwa. Lange alikuwa amefariki mwaka 1965, hivyo upande wake kuhusu ahadi hiyo haukusikika. Wanawe nao walieleza kwamba kwa miaka mingi waliionea aibu. Mama yao alifanya kazi usiku na mchana wakakua wote, lakini nchi nzima ilimjua kwa siku moja tu ya njaa.

Mwaka 1983 Florence aliugua saratani na kupata kiharusi. Gharama za matunzo zikawashinda watoto, wakaomba msaada kupitia magazeti, wakimtaja kuwa ndiye mama wa kwenye picha. Zilikuja zaidi ya dola 30,000, nyingi zikiwa noti chache ndani ya bahasha pamoja na barua. Waliotuma walieleza jinsi uso ule ulivyowatia nguvu katika shida zao. Watoto walisema barua hizo ndizo zilizowafanya waanze kuiangalia picha kwa fahari.

Alifariki Septemba mwaka huohuo. Kwenye jiwe la kaburi lake wameandika jina lake kamili, na chini yake lile ambalo picha ilikuwa imempa, Mama Mhamiaji.