Upasuaji wa Uzazi na Hesabu Zake

Tukiambiwa kwamba katika hospitali moja mama mmoja kati ya kumi hujifungua kwa upasuaji, na katika nyingine wanne, yatupasa tuulize kwanza: akina mama gani? Hospitali ya rufaa hupelekewa wale ambao mtoto amelala kingamo, au kondo la nyuma limeziba njia, au uchungu umekwama tangu jana zahanatini. Kwao kisu ni uhai, na kiwango kikubwa hakimfedheheshi daktari.

Brazili, hata hivyo, yatupa fumbo jingine. Huko zaidi ya nusu ya watoto wote huzaliwa kwa upasuaji. Katika hospitali za kulipia kiwango kimepita asilimia 80. Wanaotumia hospitali hizo ndio wenye lishe bora na waliowahi kliniki mapema. Kwa hali ya miili yao wangetazamiwa kupasuliwa kwa uchache kuliko wenzao wa hospitali za umma. Je, wao wenyewe ndio wapendao kisu? Utafiti wa miji minne ya nchi hiyo, uliochapishwa mwaka 2001, uliwahoji wajawazito kabla ya kujifungua. Katika pande zote mbili, asilimia 70 hadi 80 walitaka kuzaa kwa njia ya kawaida. Hatimaye walipasuliwa asilimia 72 ya waliolipia, na asilimia 31 ya waliohudumiwa na umma.

Sababu, basi, yafaa itafutwe katika saa ya ukutani. Mama anayelipia hutazamia azalishwe na daktari yule yule aliyemwangalia tangu kliniki. Uchungu huja hata usiku wa manane, na waweza kudumu saa 12 au zaidi. Upasuaji humalizika kwa saa moja hivi, tena hupangiwa siku. (Hesabu hii haihitaji shahada.) Katika hospitali ya umma wahudumu hupokezana zamu. Kisha kovu la kwanza huleta la pili, maana aliyepasuliwa mara moja huelekea kupasuliwa tena.

Mwaka 1985, wataalamu walioitwa na Shirika la Afya Duniani kukutana Fortaleza, huko huko Brazili, walisema hakuna eneo lenye haja ya kuvuka asilimia 10 hadi 15. Kipimo hicho ni cha jamii nzima, si cha hospitali moja moja. Kwa hospitali hutumika mpango wa Robson wa mwaka 2001, unaowagawa akina mama katika makundi kumi, ili anayezaa mara ya kwanza, mwenye mtoto mmoja aliyetanguliza kichwa, mimba ikiwa imetimia na uchungu umeanza wenyewe, alinganishwe na mwenzake wa hali hiyo hiyo tu.