Gari likiiacha njia: gharama ya matembezi ya porini

Kwa mkazi wa Chang'ombe mjini Dodoma, pori haliko mbali. Barabara ya lami inayokwenda Babati kupitia Kondoa, yenye urefu wa kilometa 251 na iliyozinduliwa mwaka 2018, imeifanya safari iliyokuwa ya kutwa nzima kuwa ya saa chache. Mwisho wa juma, mwenye gari imara au pikipiki ya njia mbaya anaweza kufika Kolo, akaitazama michoro ya miambani na kurejea kwake kabla ya usiku kuingia.

Tatizo huanza pale dereva anapoiacha njia. Kanuni za hifadhi za taifa nchini zinakataza kuendesha nje ya barabara, kuzidi mwendo wa kilometa 50 kwa saa, kutembea na gari usiku, na kushuka garini mahali pasiporuhusiwa. Wengi huyachukulia makatazo hayo kuwa ni ukali wa askari wa wanyamapori tu. Sababu zake, hata hivyo, zinaeleweka kwa yeyote aliyewahi kulima au kuchunga.

Kwanza ni udongo. Nyanda za kati hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, nayo hunyesha karibu yote kati ya Desemba na Aprili, mara nyingi kwa kishindo. Wakati wa kiangazi juu ya ardhi hujengeka gamba jembamba, na mizizi ya majani makavu hushikilia kilicho chini yake. Gurudumu hulivunja gamba hilo na kuugandamiza udongo wa ndani. Mvua zikija, maji hayazami. Hufuata alama ya tairi kama mfereji na kuichimba. Mwaka unaofuata dereva mwingine huikwepa ile mitaro na kufungua njia ya pili pembeni, kisha akaja wa tatu. Ndivyo njia ya porini inavyotanuka hadi kuwa pana kama uwanja wa mpira, bila mtu yeyote kuipangia upana huo.

Mkoa wa Dodoma una somo lake katika jambo hili. Mwaka 1973 Serikali, kwa msaada wa Sweden, ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO, baada ya makorongo kuila sehemu kubwa ya Kondoa. Mwaka 1979 ikaamuliwa kuwa mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika zaidi, lenye ukubwa wa kilometa za mraba 1,256. Uoto ulirudi, lakini gharama yake waliibeba wafugaji waliolazimika kuhamisha makundi yao. Mtu aliyeambiwa aondoe ng'ombe wake ili ardhi ipone ana haki ya kushangaa anapoona magari ya starehe yakizunguka juu ya majani yaleyale bila kuulizwa na mtu.

Sababu ya pili ni wanyama. Utafiti uliofanyika Maasai Mara nchini Kenya na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa duma majike waliokuwa katika maeneo yenye watalii wengi walifanikiwa kulea wastani wa watoto 0.2 tu hadi kujitegemea, wakati wale wa maeneo yenye watalii wachache walilea wastani wa 2.3. Duma huwinda mchana na hutegemea kumkaribia swala bila kuonekana. Magari kumi yakimzingira, swala huwa wameshakimbia, naye hubaki na njaa pamoja na watoto wake. Mwaka 2025 nako Serengeti, picha za video zilizosambaa duniani zilionyesha watalii wakiwa wameshuka kwenye magari kando ya Mto Mara na kuwazibia njia nyumbu waliokuwa wakivuka. Ni vigumu kuwalaumu wageni peke yao: dereva ndiye anayezijua kanuni, na ndiye anayetarajia bahasha ya shukrani jioni.

Nje ya hifadhi mambo huwa magumu zaidi, kwa kuwa hakuna geti wala kibao. Pori linaloonekana tupu machoni pa mtu wa mjini mara nyingi lina wenyewe. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji. Humo mna malisho, mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini na visima vilivyochimbwa katika mchanga wa makorongo yaliyokauka. Pikipiki inayonguruma karibu na kisima hutawanya kundi la ng'ombe waliotembea nusu siku kuyafuata maji, na mchungaji, ambaye mara nyingi ni mtoto, huachiwa kazi ya kuwakusanya. Kwa mapori ya akiba kama Swagaswaga na Mkungunero, kibali ni lazima, na chini ya sheria kuingia bila hicho ni kosa.

Ugomvi wa namna hii haupo Afrika peke yake. Katika hifadhi ya Yellowstone nchini Marekani, pikipiki za theluji zilianza kuingia mwaka 1963. Kadiri miaka ilivyopita kelele na moshi vilizidi, na waliotaka zipigwe marufuku walipambana mahakamani kwa muda mrefu na waliotaka ziachwe. Kanuni iliyotolewa mwaka 2013 haikumpa yeyote ushindi kamili: misafara ya magari na pikipiki isizidi 110 kwa siku, mashine ziwe za kelele na moshi mdogo, na kila kundi liwe na kiongozi aliyepata mafunzo.

Kwa anayetoka Dodoma, yanayotakiwa si mengi. Apite ofisi ya kijiji kabla ya kuingia, afuate njia iliyopo hata kama ina mashimo, aahirishe safari udongo ukiwa umelowa, na azime injini mifugo inapopita.

Kolo kwenyewe kunahitaji uangalifu wa pekee. Michoro ya Kondoa iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na kuigusa au kuimwagia maji ili rangi zing'ae kwenye picha huiharibu moja kwa moja. Aidha, baadhi ya mapango hayo hutumiwa na wenyeji hadi leo kwa matambiko, yakiwemo ya kuomba mvua, hivyo mgeni anapoingia huwa anaingia mahali pa ibada ya watu. Njia ya kupanda huko ni ya mawe na mwinuko mkali, na sehemu yake ya mwisho hupandwa kwa miguu, gari liwe na nguvu kiasi gani.