TeX: Ni kifurushi kipi cha makro kinachokufaa?

Na Mwandishi Wetu

WANAOANDIKA tasnifu, vitabu vya hisabati au makala za kisayansi mara nyingi hushauriwa kutumia TeX, mfumo wa kupanga chapa kwa kompyuta unaotolewa bure. Wasichoelezwa wengi wao ni kwamba, kabla ya kuandika aya ya kwanza, hawana budi kuchagua kifurushi cha makro. Anayebadili uamuzi huo akiwa amefikisha kurasa 200 hulazimika kuandika upya amri nyingi.

Mfumo huo ulianza kubuniwa mwaka 1977 na Profesa Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ambaye hakuridhishwa na chapa ya kitabu chake. Mwandishi huchanganya maneno na amri katika faili la kawaida, kisha programu hulisoma faili hilo na kupanga mistari, nafasi na milinganyo ya hisabati.

Amri za msingi za TeX ni takriban 300, nazo hushughulikia mambo madogo madogo. Hakuna hata moja inayosema "hapa inaanza sura mpya". Makro ni amri moja inayobeba amri nyingi ndani yake. Makro ya sura, kwa mfano, huweza kufungua ukurasa mpya, kutoa namba, kukuza herufi na kuingiza kichwa katika yaliyomo. Mkusanyiko wa makro hizo ndio kifurushi.

Cha kwanza ni Plain TeX, cha Knuth mwenyewe, chenye makro zipatazo 600. Humfaa anayetaka kuamua kila kitu mwenyewe, lakini sura zenye namba na orodha ya yaliyomo itambidi azitungie makro zake.

Cha pili ni LaTeX, kilichoanzishwa na Leslie Lamport mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hapa mwandishi hutaja tu kwamba hii ni sura na ile ni tanbihi. Mwonekano huamuliwa na faili la muundo. Majarida mengi ya hisabati na fizikia hutoa mafaili hayo kwa waandishi wao. Tatizo huja pale mtu anapotaka mwonekano wa kwake: hulazimika kuongeza vifurushi vidogo, ambavyo wakati mwingine hugongana.

Cha tatu ni ConTeXt, kazi ya Hans Hagen wa Uholanzi. Humwachia mwandishi kupanga kurasa, rangi na safu kwa amri zinazofuata utaratibu mmoja, hivyo hufaa vitabu vya kiada. Hata hivyo, majarida yanayokipokea ni machache.

Swali la msingi, basi, ni nani anayeamua mwonekano wa kazi. Ikiwa ni jarida au chuo, LaTeX ndiyo njia salama. Ikiwa ni mwandishi mwenyewe, ConTeXt itampunguzia usumbufu. Plain TeX ibaki kwa kazi fupi na kwa wanaotaka kuujua mfumo kwa undani.

Anayeandika kwa Kiswahili akumbuke pia kwamba LaTeX, isipoagizwa vinginevyo, huchapa vichwa kama "Sura" na "Yaliyomo" kwa Kiingereza. Ni vema kurekebisha hilo mapema, kisha kumwonyesha msimamizi au mhariri kurasa chache za majaribio kabla ya kuendelea.