KIPANDE: CHETI KILICHOVALIWA SHINGONI

Mpaka leo mtu wa Kenya akipotewa na kadi yake ya kitambulisho husema, "Nimepoteza kipande." Hulitamka neno hilo kwa wepesi, kwani kwake ni kadi tu ya kufungulia akaunti ya benki, kuandikishia simu au kupigia kura. Lakini wazee waliolitumia kwanza hawakulitamka hivyo. Yafaa habari zake zikumbukwe, maana ndani yake limo swali ambalo kila taifa halina budi kujiuliza: Serikali ina haki ya kumjua raia kwa kadiri gani, naye raia ana kinga gani mbele ya Serikali imjuayo?

Sheria na Kikopo

Sheria ya kuwaandikisha Waafrika wa Kenya ilipitishwa mwaka 1915, lakini kwa sababu ya Vita Vikuu haikuanza kutumika mpaka vita vilipokwisha. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alipaswa kuandikishwa, kupigwa chapa ya vidole kwa wino, na kupewa cheti. Humo yaliandikwa jina lake, kabila lake na wilaya yake. Kisha jina la bwana aliyemwajiri, kazi, mshahara, siku aliyoanza na siku aliyoachwa. Cheti kilikunjwa, kikatiwa katika kikopo cha chuma, na mwenyewe akakivaa shingoni kwa kamba. Watu wakakifananisha na kengele ya mbuzi, ambayo mchungaji humvika mnyama wake ili asimpotee.

Nguvu ya kipande ilikuwa katika sahihi. Mfanyakazi aliyetaka kuondoka shambani alihitaji bwana wake atie sahihi kwamba amemwachilia. Bila sahihi hiyo hakuweza kuajiriwa kwingine kwa halali, na kama aliondoka tu, alihesabiwa kuwa mtoro, akatafutwa kwa chapa za vidole vyake. Hivyo kuacha kazi, ambako kwa watu wengine kungalikuwa ugomvi wa mapatano, kwake kulikuwa kosa la kufungwa. Tena mshahara ulioandikwa ulionekana na bwana wa pili, naye hakuona sababu ya kumwongezea. Askari aliweza kumsimamisha mtu njiani na kumdai kipande. Asiye nacho alitozwa faini au alitiwa kifungoni. Kufikia mwaka 1931 vipande zaidi ya milioni moja vilikuwa vimetolewa.

Waliokitetea walisema kuwa kipande kilimlinda mfanyakazi, kwa kuwa kilionyesha mshahara aliopatana, na kama alikufa mbali na kwao aliweza kutambulikana. Hoja hizo hazikuwa za bure. Lakini kama cheti kilikuwa kinga, mbona walikilazimishwa Waafrika peke yao?

Malalamiko ya Mwaka 1922

Miongoni mwa waliouliza swali hilo alikuwa Harry Thuku, kijana aliyekuwa akifanya kazi ya simu katika ofisi ya Hazina, Nairobi. Mwaka 1921 yeye na wenzake waliunda chama, wakalalamikia kipande, kodi, kupunguzwa kwa mishahara, na kulazimishwa kwa wanawake na wasichana kufanya kazi mashambani. Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi, 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi kudai aachiliwe, na miongoni mwao alikuwa Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewahimiza wanaume wasirudi nyuma. Bunduki zikalia. Kwa hesabu ya Serikali walikufa watu 21. Wengine walisema ni wengi zaidi, na Nyanjiru alikuwa mmoja wa waliouawa. Thuku alihamishwa mpaka Kismayu bila kushtakiwa mahakamani, akakaa uhamishoni zaidi ya miaka minane.

Mkuki kwa Nguruwe

Kipande kiliendelea mpaka mwaka 1947, ilipotungwa sheria mpya ya kuwaandikisha watu wa mataifa yote, Wazungu na Wahindi pia. Hapo ndipo lilipotokea jambo la kufikiriwa sana. Masetla wengi, ambao hawakuona aibu yoyote Mwafrika alipotiwa wino vidoleni, walikataa katakata kutiwa wino wao, wakisema kwamba hayo ni mambo ya wahalifu. Mwaka 1950 uchunguzi ulioongozwa na Sir Bertrand Glancy ulipendekeza njia nyingine, ya sahihi na picha, kwa watu wenye elimu. Wahenga walikwisha sema: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu.

Wala mkuki huo haukuzikwa. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952, Wakikuyu, Waembu na Wameru walilazimishwa kuchukua pasi za kusafiria ndani ya nchi yao wenyewe. Uhuru ulikuja mwaka 1963, lakini mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali waliamriwa kuhakikiwa na kuchukua kadi ya pekee ili kuthibitisha uraia wao. Safari hii waliotoa amri walikuwa Waafrika.

Kuna na upande wa pili. Wanubi wa Kibera, wazao wa askari wa KAR, kwa miaka mingi walilalamika kwamba walitaabishwa sana kabla ya kupata kitambulisho. Asiye na kadi hawezi kupiga kura wala kuajiriwa. Basi cheti chaweza kumfunga mtu kwa kulazimishwa kukivaa, na chaweza kumfunga kwa kunyimwa.

Jibu la Mahakama

Mwaka 2019 Serikali ya Kenya ilipoanza kuwaandikisha watu kwa Huduma Namba, chama cha kutetea haki za Wanubi kilikuwa miongoni mwa waliokwenda mahakamani. Walitegemea Katiba ya mwaka 2010, ambayo kifungu chake cha 31 kinalinda faragha ya kila mtu. Tarehe 30 Januari, 2020, Mahakama Kuu iliamua kwamba kukusanya habari za DNA na za mahali mtu akaapo kwa njia ya setilaiti ni kinyume cha Katiba, na kwamba kazi iliyobaki isiendelee bila sheria za kutosha za kuilinda. Mwezi wa Oktoba 2021 mahakama ilisimamisha utoaji wa kadi zenyewe, kwa kuwa hatari zake kwa faragha ya watu hazikuchunguzwa kwanza kama sheria itakavyo.

Mwaka 1922 waliouliza walijibiwa kwa risasi. Mwaka 2020 walijibiwa kwa hukumu. Tofauti hiyo ni kubwa, nayo ilinunuliwa kwa damu. Serikali haina budi kuwajua watu wake ili iwajengee shule na kuwahesabu katika kura. Lakini kila inapoleta kitabu kipya cha kuwaandika, raia na aulize: Nani atakisoma? Kosa likiandikwa, nani atalisahihisha? Na anayetuamuru kukivaa, je, yu tayari kukivaa yeye mwenyewe?