Sheria ya Mtoto Ifike Mlangoni

Mwaka 1991 Serikali yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha kwamba kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai, na mwaka 2009 likatunga Sheria ya Mtoto. Sheria, basi, tunazo. Lakini mizani ya sheria si maandishi yake. Ni hali ya mtoto mwenyewe.

Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba mkoani Mara wanawake 32 katika kila 100 walikuwa wamekeketwa. Ule wa mwaka 2022 ukakuta 28. Hatua hiyo twaishukuru, ila ni ndogo. Tena hesabu ya taifa huja baada ya miaka mingi, na kisu huja Desemba, shule zikiisha kufungwa.

Kwa hiyo twasema hesabu ianzie kijijini. Musoma, Bunda na Butiama kote, mwalimu na afisa mtendaji walinganishe daftari la shule siku ya kufunga na siku ya kufungua. Msichana asiyeonekana atafutwe siku hiyo hiyo. Wazazi wasidhani wanapelelezwa. Mtoto asiyehesabiwa hana mtetezi.