Nafasi Tupu na Sifuri: Kukokotoa Wastani wa Takwimu za Uzazi Mkoani Katavi

Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2015–16 ulionesha kwamba asilimia 27 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba ya kwanza. Katika Mkoa wa Katavi kiwango hicho kilikuwa asilimia 45. Anayetazama wastani wa taifa peke yake haioni Katavi. Ndani ya mkoa wenyewe pia, wastani unaweza kuficha hali halisi ingawa kila takwimu imeandikwa sawasawa.

Vituo vya Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Tanganyika, Mlele na Mpimbwe, kama vingine nchini, hujaza vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Jumla za kila mwezi huingizwa katika mfumo wa DHIS2. Takwimu zikishapangwa katika jedwali la kanzidata, mchambuzi huziuliza kwa lugha ya SQL, kwa mfano:

SELECT kituo, AVG(waliojifungua) FROM taarifa GROUP BY kituo;

Amri ya AVG hujumlisha thamani zilizopo na kuzigawa kwa idadi yake. GROUP BY hutenga hesabu ya kila kituo.

Nafasi tupu

Tuchukulie zahanati moja ambayo kwa miezi sita ina takwimu hizi za waliojifungua: 12, 9, 15, tupu, 6, tupu. AVG huziruka nafasi tupu. Hugawa 42 kwa 4 na kutoa 10.5. Ikiwa miezi yote miwili hakuna aliyejifungua hapo, wastani sahihi ni 42 kwa 6, yaani 7. Ikiwa mwezi mmoja tu ndio wenye sifuri, na wa pili taarifa haikufika kwa sababu mvua ilikata barabara, wastani wa miezi inayojulikana ni 8.4.

Jambo hili lahitaji uangalifu kwa kuwa DHIS2, isipoelekezwa vinginevyo, haihifadhi sifuri. Amri ya COALESCE huweza kugeuza nafasi tupu kuwa sifuri, lakini haijui ni ipi inayostahili. Hilo hujulikana kwa kukagua kama taarifa ya mwezi ililetwa, au kwa kumpigia simu mhudumu wa zahanati. Dawa ya kuzuia damu kutoka kwa wingi baada ya kujifungua ikiagizwa kwa wastani ulioshushwa na sifuri za uongo, yaweza kumalizika kabla mama wa mwisho hajafika.

Wastani wa wastani

Mtego wa pili umo katika asilimia. Tuchukulie kituo kikubwa ambako wajawazito 200 kati ya 400 walianza kliniki kabla ya wiki ya 12, sawa na asilimia 50, na zahanati ndogo ambako walianza 18 kati ya 20, sawa na asilimia 90. AVG ya asilimia hizo mbili ni 70. Lakini wanawake wenyewe ni 218 kati ya 420, yaani takriban asilimia 52. Hesabu ya kwanza imewapa wanawake 20 uzito sawa na wanawake 400. Amri iliyo sahihi ni:

SELECT 100.0 * SUM(waliowahi) / SUM(wote) FROM kliniki;

Kwa hiyo, kila wastani katika ripoti uandamane na mambo mawili: idadi ya watu waliohesabiwa, na idadi ya taarifa zilizofika kati ya zilizotarajiwa. Amri za SUM na COUNT hutoa hesabu hizo kwa mstari mmoja, na msomaji wa ripoti ana haki ya kuziulizia.