Mbwa akicheza na mwanao, jua anasema nini

Jioni, kuanzia mashamba ya kahawa ya Mbinga hadi ufukweni Mbamba Bay na Liuli, ni kawaida kuona watoto wakikimbizana na mbwa wa nyumbani. Mzazi, unajuaje kama mbwa huyo anacheza kweli?

Mbwa anayetaka mchezo huinamisha kifua, huinua makalio, na mwili wake huwa umelegea. Hukimbiza, kisha naye hukubali kukimbizwa. Huuma kwa kujizuia, na mwenzake akilia, huacha. Kwake mchezo ni kuelewana, na yeyote anaweza kusema basi.

Mwili ukikakamaa, akikodoa macho, akionyesha meno au akinguruma juu ya chakula chake, mchezo umekwisha. Usidanganywe na mkia, maana mbwa huutikisa hata akiwa na wasiwasi. Akijificha uvunguni, mtoto asimfuate. Na mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata wa kwenu.

Lipo kosa kubwa zaidi: kusema "alikuwa anacheza tu" mtoto anaporudi na alama ya jino. Virusi vya kichaa cha mbwa hukaa kwenye mate, na mbwa anaweza kuambukiza siku chache kabla hajaonyesha dalili. Hata mbwa mchanga anaweza kuwa navyo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15.

Jino au kucha ikichubua ngozi, au mate yakigusa kidonda, fanya hivi:

Osha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake majani wala mafuta ya taa.

Mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyohiyo, uulizie chanjo. Kama haipo, omba uelekezwe inakopatikana, na amalize dozi zote. Usisubiri dalili; zikishaanza, ugonjwa huu huua karibu kila mara.

Mbwa naye apate chanjo. Muulize ofisa mifugo wa eneo lako.

Mwisho, mtoto akikuambia ameumwa, usimchape. Anayeogopa fimbo huficha kidonda, na kidonda kilichofichwa hakioshwi.